Ukurasa wa Mama wa Nyumbani: Pembetatu za Mfarishi

Majuma machache yaliyopita mama wa shirika moja la msingi, katika mtaa wa Lac Vert hapa Goma, walitujia na swali ambalo kwanza tulilidharau. Walikuwa wamepata mafurushi matatu ya vipande vya vitambaa kwa mafundi wa cherehani wa Birere, nao walitaka kushona mifarishi ya watoto. Umbo walikwisha kulichagua wenyewe: mraba mdogo wa rangi mbili, uliounganishwa kwa pembetatu mbili, moja ya rangi nzito, nyingine ya rangi nyangavu. Walilotaka kujua ni hili tu: pembetatu hizo zikatwe na kuungwa kwa njia gani? Tulicheka moyoni. Mtu aliyefundisha jiometri miaka kadha angeshindwaje kukata mraba kwa mshazari? Basi tuliwajibu pale pale, kwa ubao na chaki, na jibu letu likaharibu miraba 48. Ndiyo sababu ya kuandika leo.

Kwa wasioijua Lac Vert tuseme kidogo. Ni mtaa ulio magharibi mwa mji, upande wa njia ya kwenda Sake, nao hupata jina lake katika ziwa dogo la maji ya kijani, lililomo ndani ya shimo la volkano ya kale, karibu na ukingo wa Ziwa Kivu. Goma iko karibu meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua laweza kuchoma, lakini usiku baridi hupanda kutoka ziwani, na nyumba nyingi ni za mbao na mabati, zimesimama juu ya mawe meusi ya moto uliopoa. Mtaa huu umepokea watu mara nyingi. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaa Mugunga na Lac Vert. Januari 2002 na Mei 2021 Nyiragongo ilipotapika, watu wengi walikimbilia njia hiyo hiyo ya Sake. Tangu mwaka 2022 wakaja waliokimbia vita vya Rutshuru na Masisi, wakakaa chini ya maturubai, hata Februari 2025 kambi zilipoachwa tupu kwa siku chache. Wengine walirudi kwao. Wengine walibaki, wakapanga chumba. Katika vyumba hivyo blanketi moja hufunika watoto wanne, na yule wa pembeni hulala nusu nje.

Kwa hiyo mtu asidhani kwamba habari ya mfarishi ni mchezo wa mabibi wenye nafasi. Mama hawa walihesabu hivi: mfarishi wa sentimeta 120 kwa 150 hufunika watoto wawili. Ukiwa na miraba ya sentimeta 10 iliyokwisha kuungwa, unahitaji 12 kwa upana na 15 kwa urefu, yaani 180. Walikubaliana nusu iwe ya rangi mbili na nusu iwe mitupu, wapumzishe mikono. Bitana ingekuwa shuka la mitumba, na katikati blanketi kuukuu. Hesabu nzuri kabisa. Iliyobaki ilikuwa kazi ya Mwalimu.

Sasa sikieni kosa letu. Njia tuliyowapa ni hii: chukua mraba wa rangi nzito na mraba wa rangi nyangavu, kila mmoja wa sentimeta 19, iweke uso kwa uso, shona pande zote nne, sentimeta moja kutoka ukingoni, kisha kata mshazari kutoka pembe hata pembe, mara mbili. Fungua: una miraba minne ya rangi mbili. Mtu aionaye mara ya kwanza hushangaa kama aliyeona kiinimacho. Hakuna mstari wa kuchora kabla ya kushona, na mkono mmoja huzaa minne. Tuliisifu sana. Mama wakashona jozi kumi na mbili kwa siku tatu, wakapata miraba yao 48, wakaanza kuiunga.

Haikuungana. Mraba huu ulikuwa na sentimeta 12, wa pili yake 12 na nusu, wa tatu ulikuwa umeinama kama mlevi. Walipoitandaza safu ya kwanza juu ya meza, ilisimama mawimbi. Wakapiga pasi, mawimbi yakazidi. Mama mmoja, mwenyeji wa upande wa Masisi, alitutazama akasema kwa upole, «Mwalimu, jiometri yako ni safi, lakini kitambaa hakikuisoma.»

Ilitupasa kunyamaza na kujifunza. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekaa kimya tangu mwanzo, kwa sababu, kama alivyosema baadaye, hakuulizwa. Alichukua kipande cha kikwembe, akakivuta kwa urefu: hakikusogea. Akakivuta kwa upana: kilisogea kidogo sana. Halafu akakishika kwa pembe mbili zinazotazamana, akavuta kwa mshazari, kikanyooka kama mpira. «Hapa kitambaa hakina mfupa,» alisema.

Ndivyo ilivyo. Kila kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za mtande zinazokwenda kwa urefu, na nyuzi za mshindio zinazopita kati yake kwa upana. Ukikata kwa kufuata nyuzi hizo, ukingo hukaa imara. Ukikata kwa mshazari, ukingo haushikwi na uzi wowote mzima. Hunyumbulika kwa kila mguso, na pasi ikiuburuta huunyoosha zaidi. Katika kila pembetatu ya mraba uliokatwa kwa mshazari lazima upande fulani uwe wa mshazari. Swali lote la kuchagua njia, wasomaji, ni hilo: ukingo dhaifu utauweka wapi? Ukiuweka kati ya pembetatu mbili, mshono huukamata na kuufunga. Ukiuweka nje, unabaki wazi pande zote nne, ukingojea kuharibika. Njia yetu ya kiinimacho hufanya hilo la pili. Tulikuwa tumewapa mama njia ambayo mshono wake uko mahali penye nguvu, na udhaifu wake uko mahali pa kuungia.

Hatusemi kwamba njia hiyo ni ya kutupwa. Yafaa kwa mtu mwenye mkono mwepesi, akikipaka kitambaa wanga kabla ya kukata. Lakini si njia ya kuwapa watu wanaoshona kwa sindano ya mkono, jioni, watoto wakivuta meza.

Kabla ya kueleza njia nyingine, tuwape habari iliyotushangaza. Tulikaa usiku tukapiga hesabu ya kila njia kwa mraba uleule wa sentimeta 10, tukitaraji kuona ipi ni ya ubahili. Katika njia zote kuu, mraba mmoja wa rangi mbili hula karibu sentimeta za mraba 182 za kitambaa, na karibu sentimeta 19 za mshono. Ukikata moja moja, mbili mbili, nne nne au nane nane, kitambaa ni kilekile na uzi ni uleule. Njia ya haraka haikupunguzii hata kijiuzi. Njia moja tu hutofautiana: ile ya kuweka mraba juu ya mraba, kushona kwa mshazari, na kukata pembe ya nyuma na kuitupa. Hiyo hula sentimeta za mraba 288. Ni rahisi kwa mwanafunzi, na pembe iliyotupwa yaweza kutumika mahali pengine. Lakini tumeona kwamba «mahali pengine» kwa kawaida ni kapuni.

Njia ya mbili mbili ndiyo mama wa Lac Vert waliyoishika hatimaye kwa vipande vya mafundi. Kata miraba miwili ya sentimeta 13 na nusu, ukifuata nyuzi. Ilaze uso kwa uso. Chora mshazari mmoja kwa kalamu ya risasi; kama kitambaa ni cheusi, tumia kipande chembamba cha sabuni, kama mafundi wafanyavyo. Shona mstari mmoja kila upande wa mshazari, sentimeta moja mbali nao, kisha kata juu ya mshazari wenyewe. Una miraba miwili. Angalieni uzuri wake: kitambaa kinashonwa kabla hakijakatwa, kwa hiyo ukingo dhaifu haukupata hata dakika moja ya kuwa peke yake.

Na kwa nini 13 na nusu? Hapa Mwalimu aruhusiwe kujisafisha kidogo. Mraba ukimalizika una sentimeta 10. Ongeza 2 kwa ajili ya kuunga na jirani zake, moja kila upande. Halafu mshono wa mshazari nao unakula: sentimeta moja ya mshono uliolala huondoa 1.41 katika upande wa mraba, ambayo ndiyo kipeo cha pili cha 2 kinachowasumbua watoto darasani. Jumla ni 13.41, kata 13 na nusu, na punje inayozidi uipunguze mwisho. Kwa mfarishi wa mraba mkubwa au mdogo kanuni ni ileile: chukua kipimo unachotaka, ongeza 3 na nusu. Vitabu vya Kizungu husema mshono wa robo ya inchi, yaani milimeta 6 hivi. Sisi twasema sentimeta moja, kwa sababu kikwembe cha bei ndogo hufumuka nyuzi, na mfarishi wa mtoto hufuliwa mara nyingi.

Njia ya nane nane ni binamu yake. Miraba miwili ya sentimeta 27. Chora mishazari yote miwili. Shona kila upande wa kila mmoja, yaani mistari minne. Kata msalaba katikati kwa urefu na kwa upana. Kisha kila robo uikate juu ya mshazari wake. Zinatoka nane, na kingo za nje zote zimefuata nyuzi. Mwenye cherehani na kitambaa kizima cha dukani asitafute njia nyingine. Lakini katika mafurushi yale matatu, vipande vyenye sentimeta 27 kila upande vilikuwa vichache sana. Fundi wa Birere hakuachii kipande kama hicho, angekifanya mfuko.

Tena tazameni mabaki ya fundi yalivyo. Akikata mkono wa blauzi, akikata sketi inayopanuka chini, kinachoanguka sakafuni si mraba. Mara nyingi ni pembetatu tayari. Kuipunguza pembetatu hiyo hata uwe mraba, kisha kuukata mraba huo tena uwe pembetatu, ni kama kumenya ndizi mara mbili. Hapo njia ya zamani, ile ya moja moja, inarudi na heshima yake. Kata kigezo katika karatasi ngumu, pande mbili fupi zikiwa sentimeta 13 na nusu kila moja. Kilaze juu ya kitambaa, pande hizo fupi zikifuata nyuzi, mshazari ukiangukia upande mrefu. Usizichezee pembetatu zikiisha kukatwa. Zipange juu ya sinia, uzichukue mbili mbili, upige bandi upande mrefu kabla ya kushona. Inachukua muda zaidi, hilo ni kweli. Lakini mama mwenye muda na asiye na kitambaa si sawa na mwenye kitambaa na asiye na muda.

Wasichana wa cherehani walijaribu pia kushona juu ya karatasi za madaftari yaliyokwisha, wakaipasua karatasi mwishoni. Yafaa: karatasi hushika mshazari kama gango lishikavyo mfupa. Kwa sindano ya mkono inachosha vidole, hata ukivaa subana.

Neno la kufua. Fueni vitambaa kabla ya kukata, hasa vipya vikichanganywa na vikuukuu. Bwana wetu mwenyewe alipotaka kufundisha juu ya mapya na ya kale alitaja kiraka kipya katika vazi kuukuu, na kila mfua nguo aliyemsikiliza alielewa bila kuelezwa: kipya hunywea, kikararua. Na pasi ya makaa ishuke na kuinuka, isitembee. Mishono ya safu moja ilazwe upande wa kuume, ya safu inayofuata upande wa kushoto, ndipo pembe zitakapoketi moja juu ya nyingine bila kinundu.

Ile miraba 48 iliyoharibika je? Bibi yule alikoroga unga wa muhogo uwe uji mwepesi, akauchuja, akaichovya miraba mmoja mmoja. Hakuianika kwenye kamba. Aliilaza juu ya ubao, akaisogeza kwa ncha za vidole mpaka ilingane na kigezo cha sentimeta 12, akaipiga pasi ingali na unyevu. Miraba 31 ikapona. Iliyosalia 17 iko katika magoti ya suruali za watoto wa mtaa, nasi tukipita barabarani twaitambua.

Kazi hii, tusidhani ni ngeni kwa watu wa Afrika. Katika jimbo la Karnataka huko India wako watu waitwao Siddi, ambao wazee wao walitoka pwani ya Afrika Mashariki, wengi wao wakipelekwa utumwani. Miongoni mwao wako Waislamu, Wahindu na Wakatoliki. Mama zao hushona mifarishi ya viraka iitwayo kawandi. Huanzia ukingoni, wakizunguka kuelekea katikati, na mwishoni huweka pembeni pembetatu ndogo za kitambaa kilichokunjwa, waziitazo phula, yaani maua. Pembetatu ya kukunjwa haina ukingo dhaifu hata mmoja, lakini unene wake ni mkubwa; mfarishi mzima wa namna hiyo mtoto asingeweza kuuinua. Kwa pembe nne inatosha. Tulipowasimulia mama wa Lac Vert waliipenda habari hiyo kuliko jiometri yetu yote, na sasa kila mfarishi wao una maua manne.

Turudi kwa yule mama wa Masisi. Katika vitu vyake alikuwa na kikwembe kimoja cha marehemu mama yake, chenye ndege mkubwa, alichokibeba alipokimbia mwaka 2023. Hakukileta siku ile ya ubao na chaki. Alituambia baadaye kwamba alitaka kwanza kuona. Twamshukuru Mungu kwa busara yake, maana kingekuwa miongoni mwa vile vya kwanza kukatwa. Baada ya yote alikileta, akauliza kwa njia ipi angekikata bila kumpoteza ndege.

Safari hii hatukujibu upesi. Tuliwaza njia ya mbili mbili, na ingekuwa salama. Lakini ndani yake huwezi kujua ndege ataangukia wapi, kwa kuwa mshazari hupita juu yake bila kuuliza. Bibi alichukua kigezo cha karatasi, akakitoboa dirisha katikati, akawa anakisogeza juu ya kikwembe polepole, nasi sote tukitazama. Dirisha likipata kichwa cha ndege, alitia alama kwa sabuni. Likipata bawa, vivyo hivyo. Mara mbili ndege alikataa kuingia bila upande mrefu kutoka katika njia ya mshazari. Bibi akasema haidhuru, zipigwe bandi pande zote tatu na wanga mzito. Zikakatwa pembetatu kumi na nne, moja moja, kwa mkasi wa mama mwenyewe. Hakutaka mtu mwingine akate.

Pembetatu hizo sasa ziko katika mfarishi wa binti yake wa mwisho, zimezungukwa na rangi za Birere. Kilichobaki cha kikwembe, upana wa viganja vinne, alikikunja akakirudisha mfukoni alimokitoa. Juma lijalo, tukijaliwa, tutaeleza namna ya kulaza blanketi kati ya bitana na uso wa mfarishi, na kuvifunga kwa mafundo visitembee. Na safari hii bibi amekubali kuusoma ukurasa kabla haujachapwa.